deluser ya Debian: zana nzuri, ila usiikimbilie

deluser ni amri ya kufuta akaunti kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux. Ukiondoa programu kwa apt remove, akaunti ya mfumo iliyokuja nayo (ile inayoendeshea huduma, si ya mtu) kwa kawaida hubaki. Ukitumia apt purge, postrm ya baadhi ya vifurushi (skripti inayoendeshwa kifurushi kinapoondolewa) huita deluser --system, na akaunti inaondoka.

Kama zana, deluser imetulia. Ukiipa --system pamoja na jina la mtumiaji wa kawaida, inagoma kumfuta. Folda ya nyumbani pia haiigusi, kwa sababu REMOVE_HOME ndani ya /etc/deluser.conf huja ikiwa 0, yaani hapana. Tatizo linaanzia kwenye uamuzi wenyewe wa kufuta.

Linux inamtambua mwenye faili kwa namba, si kwa jina. Tuseme akaunti iliyofutwa ilikuwa na UID (namba ya mtumiaji) 112. Mafaili yaliyosahaulika /srv au /var/log yanabaki na 112 yake. Kesho unasakinisha kitu kingine: adduser --system inaanza kutafuta kuanzia 100 kwenda 999, inachukua namba ya kwanza iliyo wazi, na hapo ni 112 ileile. Huduma mpya imerithi data na funguo za siri za ile ya zamani, na hakuna onyo lolote linalotokea. Hili ni tundu la usalama kabisa.

Ndiyo maana Fedora, toleo jingine la Linux, wanawakataza watunza vifurushi kufuta akaunti, na systemd-sysusers, zana ya kuandaa akaunti za mfumo, inajua kuunda tu. Msimamo wao ndio sahihi: mstari mmoja ndani ya /etc/passwd haukugharimu chochote.

Kwa hiyo funga, usifute:

usermod -L -e 1 -s /usr/sbin/nologin jina

Hiyo -e 1, inayoifanya akaunti ihesabike imeisha muda, usiiache. -L peke yake inafunga nywila tu. Mwenye ufunguo wa SSH bado anaweza kupita.

Ukilazimika kufuta, angalia kwanza ps -u jina na crontab -l -u jina, kisha find / -xdev -user jina -ls. Kumbuka -xdev haivuki kwenda kwenye mfumo mwingine wa faili (diski au pateshini nyingine), kwa hiyo kama /srv au /home zina yake, rudia amri kwa kila moja. Baada ya kufuta, find / -xdev -nouser itakuonyesha mayatima waliobaki, yaani mafaili yasiyo na mwenyewe.

Kwa huduma ndogo unayoiandika mwenyewe, DynamicUser=yes ya systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) inaondoa kero yote: UID inatoka kati ya 61184 na 65519, huduma ikizimwa inarudishwa, na data ya StateDirectory= (folda ya data ya huduma) inakaa /var/lib/private. Kwa hifadhidata ambayo mafaili yake yanaguswa na programu nyingine, haifai.

deluser tunaipa nyota 3 kati ya 5. Na kabla ya kuitumia, kagua bekapu zako: tar, zana ya kufungasha mafaili, ikiyarudisha kama root na jina la mwenyewe halipo tena, inatumia namba ya zamani, ambayo huenda sasa ina mtu mwingine.