ILCA au Hobie 16: ipi ununue ukitaka mbio za tanga Dar

Anayetafuta mashua ya tanga yenye mbio hapa Dar, na asiye na hela ya kuchezea, mwishowe hubaki na mbili za kuchagua: ILCA, ambayo wengi bado wanaiita Laser, na Hobie 16, ile yenye bodi mbili zilizoungwa. Watu hubishana ipi inakimbia zaidi. Hobie ndiyo inayokimbia zaidi, ubishi uishie hapo. Cha kujiuliza ni nani atakuwa na wewe Jumamosi saa nane mchana, upepo ukishashika.

Kama jibu ni "sijui", nunua ILCA. Kwangu hiyo ndiyo namba moja. Ina urefu wa mita 4.23 na bodi tupu, yaani mwili wa mashua bila mlingoti na tanga, haizidi sana kilo 59, kwa hiyo mtu mmoja anaiweka kwenye kigari chake, anaishua na kuondoka bila kumpigia mtu simu. Tanga ni moja, na mlingoti unasimama wenyewe bila waya hata mmoja. Kwa familia ina faida nyingine: bodi ni ileile, mnabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti tu. Tanga la ILCA 7 ni mita za mraba 7.06, la ILCA 6 ni 5.76, la ILCA 4 ni 4.7. Baba wa kilo 80 anaendesha kwa 7, binti yake wa sekondari anachukua mashua hiyohiyo kwa 4.

Hobie 16 ni mambo mengine. Ina mita 5 na ushee kwa urefu, upana mita 2.41, uzito kilo 145 hivi, na matanga yake mawili kwa pamoja yanapita mita za mraba 20. Mmoja anashika kana (mpini wa sukani) na demani (kamba ya tanga), mwenzake ananing'inia nje kwa waya. Raha yake huwezi kuilinganisha na ya ILCA, nakiri. Tena haina ubao wa kuzamisha majini chini ya bodi kama ILCA, na sukani zake hujiinua zikigusa chini. Kwa Msasani hilo si dogo: wakati wa bamvua, yaani maji makuu, maji hupwa kwa zaidi ya mita 3, na ukichelewa kurudi unakuta mchanga na mwamba pale ulipopita asubuhi. Mwenye ILCA akisahau kuinua ubao, fundi wa faibaglasi anapata kazi. Ila sasa, hizo kilo 145 nani atazivuta kwenye mchanga mbichi hadi juu? Bila kigari cha matairi manene na watu wawili, usijisumbue.

Halafu kuna kupinduka. ILCA ukiipindua unapanda juu ya ubao, inasimama. Hobie inataka uzito: jumla ya kilo 130 hivi za mabaharia, pungufu ya hapo mtasubiri boti ya injini. Ukiteremka na upepo mkali nayo huchimba omo (pua ya mashua) majini na kuwarusha mbele. Ghuba ya Msasani inasitiriwa na rasi msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, maji huwa tulivu kiasi. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ndiyo huingiza mawimbi. Mkitoka nje ya kisiwa cha Bongoyo, sitara hiyo isahauni.

Ukaguzi wa mtumba ndipo hela huokolewa. ILCA: jaza maji kwenye tundu la mlingoti, weka alama, kanywe chai. Yakipungua, tundu linavuja, na siku ya upepo mlingoti unaweza kuchana bodi. Omba na mizani. Bodi iliyozidi uzito imekunywa maji. Hobie: bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya bodi, mbele ya mlingoti. Ikibonyea au kutoa mlio, faibaglasi imeachana na povu la ndani, ondoka. Pitisha kitambaa kwenye ncha za waya zinazoshika mlingoti. Kikinasa, kuna uzi umekatika, na waya zote zibadilishwe. Vuta nyuzi za turubai la kukalia, maana jua la Dar huzila kimyakimya.

Vipuri vya zote mbili huagizwa nje, na Hobie ina vitu vingi zaidi vya kubadilisha. Ongeza ushuru na VAT ya 18% kwenye hesabu yako kabla hujapatana bei, na uliza TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kuhusu usajili.

Na ngalawa? Kwa bei haina mpinzani, na matengo yake, yale magogo ya pembeni, yanatuliza sana. Lakini kwa kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo, iko nyuma: kila ukigeuza upande, foromali (mti unaobeba tanga) lazima izungushwe mbele ya mlingoti. Kwa mbio za maboya naiweka ya tatu, kwa kwenda kisiwani Mbudya kuchoma samaki naiweka ya kwanza.

Mliokwisha kuwa wawili, nunueni Hobie. Ila mwenzako atoe nusu ya hela. Asiyetoa, Jumamosi ya tatu atakuwa na harusi.