Spacio niliyonunua yadi ya hapa Mtwara: gari nalipenda, waliouza siwataki

Gari lenyewe sina ugomvi nalo, na nalisema mapema ili mtu asisome hasira zangu akadhani nalisema gari. Ni Toyota Spacio. Inabeba watoto, mama mkwe na gunia la mihogo kutoka shamba, na bado mtu anakaa akanyoosha miguu. Ugomvi wangu ni na yadi iliyoniuzia, hapa hapa Mtwara mjini, na zaidi na kijana mmoja pale ambaye maneno yake sijayasahau mpaka leo.

Baba watoto alikuwa anataka Harrier, ile wanayoiita tako la nyani. Nilimwelewa, ni gari ya heshima, ukishuka nayo msibani watu wanakusogezea kiti. Lakini nyumba yetu inakula korosho. Hela inaingia kwa mkupuo minada ikianza Oktoba, na baada ya hapo ni kuitazama inavyopungua mpaka msimu mwingine. Tuliokuwepo mwaka 2018, serikali ilipotangaza kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo halafu watu wakakaa miezi wanasubiri malipo, tunajua hela ya korosho unaihesabu ikiwa mkononi, si ikiwa ghalani. Kwa hiyo swali langu kwenye gari ni moja tu: likinifia katikati ya masika, nikiwa sina kitu, kipuri nakipata wapi na kwa shilingi ngapi? Spacio ya injini ya 1NZ ina jibu, kwa sababu injini hiyo hiyo imo kwenye IST na kwenye Probox, na fundi wa Masasi anaijua kama wa Mtwara anavyoijua. Na gari likilala nyumbani halikudai kitu zaidi ya bima, maana ile ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Baba watoto akakubali. Hilo liliisha vizuri.

Tukaenda yadi msimu ukiwa umekolea. Wanaoishi huku wanajua hali inavyokuwa: benki foleni mpaka barabarani, madalali wa magari kila kona, na ukitaja tu kwamba umetokea Tandahimba au Newala, bei inapanda ukiwa umesimama pale pale. Nilikwenda na fundi wangu. Akaangalia oili, akalala chini kutazama kutu, maana magari ya mwambao chumvi inayala kwa chini, akasikiliza injini, akaridhika. Mimi nikaomba niliendeshe mpaka Mikindani na kurudi. Yule kijana akasema, "Mama, humo mafuta ni ya kuwashia tu, zungusha hapa hapa." Nikamwambia mafuta nitaweka mwenyewe. Akasema utaratibu wa yadi hauruhusu. Sasa nimejua kwa nini hauruhusu.

Miezi ya mwanzo gari halikusumbua, kwa sababu safari zetu ni za mjini, sokoni na shule. Likatuumbua siku tunampeleka mama mkwe Ndanda hospitali. Tumeshaipita Mtama, hatujafika Nyangao, mshale wa joto ukapanda mpaka juu na mvuke ukatoka kwenye boneti. Tukasimama. Mama mkwe tukamtandikia kanga chini ya mkorosho kando ya barabara, mtu mzima, anaumwa, jua la saa sita. Fundi akaletwa na bodaboda kutoka Nyangao, kijana mdogo tu, mpole. Akasubiri injini ipoe, akaitoa rejeta, akaigeuza. Halafu akaniita: "Mama, njoo uone mwenyewe."

Pembeni, pale plastiki inapokutana na chuma, kulikuwa na kitu kimevimba urefu wa kidole. Akakikwangua kwa bisibisi. Juu rangi nyeusi, nzuri kabisa, inang'aa. Chini ya rangi, gundi ya kijivu, ile ya kuchanganya mikononi. Chini ya gundi, ufa. Mtu aliuona ule ufa, akaujaza gundi kwa dole gumba, maana alama ya dole ilikuwemo, akasubiri ikauke, halafu akatafuta rangi na brashi akapaka rejeta nzima ili isionekane. Hiyo si bahati mbaya ya gari la mtumba. Gari la mtumba nalijua lina uchovu wake, sikatai. Lakini uchovu haupaki rangi.

Nilirudi yadi nimeibeba ile rejeta mwenyewe kwenye kiroba. Niliongea kwa adabu, na baba watoto shahidi. Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, hebu tazama hapa." Hakutazama. Macho yapo kwenye simu. Akasema nimetia maji ya kisima. Nikamwonyesha gundi. Ndipo akatamka, tena mbele ya wateja wawili waliokuwa wanaangalia Noah: "Mama, nyie watu wa korosho hela mnazo, rejeta tu ndiyo inakuliza?"

Nimeulizwa na watu kama si bora ningesahau. Siwezi. Hiyo hela anayosema ninayo, aje anioneshe ilipo. Ilikuwa mwezi wa tano. Rejeta, gasketi ya silinda hedi iliyoungua kwa lile joto, kuvutwa mpaka gereji, na usiku mmoja wa kulala Nyangao na mgonjwa, vyote vilitoka kwenye fungu la kupulizia mikorosho. Salfa ya ruzuku, ile dawa ya unga ya mikorosho, tulipata, nashukuru, lakini salfa haijipulizii. Blowa, mashine ya kupulizia, inakodiwa, petroli yake inanunuliwa, vijana wanataka chao jioni ile ile. Nikaenda kukopa kwenye kikoba, na zamu yangu ikaja wenye mashamba wenzangu wameshamaliza mzunguko wa kwanza wa kupuliza. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho unaokausha maua, haumsubiri mtu. Upande wa chini wa shamba maua yalikauka nayaona. Kwa hiyo ile gundi imenila mara mbili, mwaka wa kununua na mwaka wa kuvuna.

Haki yao pia niiseme. Mwenye yadi, aliposikia, alinipigia mwenyewe akanipa pole, akalipa nusu ya bei ya rejeta bila kuzungushana. Kadi ya gari ilibadilishwa jina haraka, hakuna njoo kesho. Na lile gari baada ya kuwekwa rejeta nzima limepanda Newala na kushuka na mzigo, mshale haujagusa hata nusu. Kwa hayo nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba yadi si mbaya, ni kijana mmoja tu.

Lakini kila nikifikiria, nasema hapana. Kijana hakupaka rangi peke yake usiku wa manane. Gundi ilinunuliwa, rangi ilinunuliwa, na "utaratibu wa yadi" wa kutokuruhusu gari litoke likapate moto haukutungwa na yeye. Nusu ya rejeta si gasketi, si blowa, si mama mkwe kukaa chini ya mti na maumivu. Kama unatafuta gari huku kwetu, chukua Spacio, nitakusaidia hata kuchagua. Ila usitoe hata senti kabla hujaliwasha likaunguruma mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe, na rejeta ukiikuta inang'aa kuliko injini yenyewe, chukua kucha ukwangue. Wakikataa, ondoka, hata kama wamekukaribisha soda.

Juzi kati, mnada wa kwanza umeshapita, namba ya yadi ikanipigia. Ni yeye yule. Sauti ya asali: mama hujambo, nyumbani wote wazima, kuna ndugu yeyote anatafuta gari, wameshusha mzigo mpya. Nikamjibu, mzigo nitauleta mimi: baba mdogo yupo, hela yake imeshaingia benki, anataka Probox. Atakuja kununua siku nitakayolipwa nusu iliyobaki ya rejeta na gharama yote ya gasketi, na siku hiyo Probox itakwenda mpaka Mikindani na kurudi, fundi wangu ndani. Akasema atamuuliza bosi. Bado nasubiri simu, na baba mdogo nimeshamwambia asiende huko bila mimi.