Likizo ya kuvuka daraja: nimekodi nyumba Bamburi na watoto watatu na bibi yao, pesa imeenda sawa?

Assalam aleikum, hamjambo, karibuni tena. Leo sina blenda wala pasi, leo nachambua nyumba. Najua mtanicheka manake sisi ni watu wa Majengo, hapa hapa Mombasa, na likizo yetu tumekwenda Bamburi, yaani tumevuka daraja la Nyali tu basi, mtu wa Nairobi apanda treni mpaka Miritini ndo aone bahari, sisi twapanda tuktuk. Lakini niwaambie kitu, ukiwa na watoto watatu, mkubwa saba, wa kati minne, mdogo mwaka na miezi minne, na juu yao mamangu ambaye magoti yake siku hizi yana maneno, mbali huendi. Safari ya masaa matano ni matapishi na pampas, mkifika siku imeshaisha na kila mtu amenuna. Dakika arobaini pamoja na jam ya Kongowea, hiyo naiweza.

Sasa nyumba. Jina silitaji, mwenyewe tumemalizana kwa uzuri na kasoro zake ni za nyumba nyingi za upande ule. Vyumba viwili, sebule, jikoni, puli chini, elfu nane kwa usiku, tukalala siku mbili, Ijumaa mpaka Jumapili. Tangazo lasema "inafaa familia". Hapo ndo mimi na tangazo tulipoachana, manake aliyeandika hayo maneno familia yake ni ya watu wenye magoti mazima.

Na bibi mwenyewe kumtoa nyumbani ilikuwa kesi. "Nilipe pesa nilale Bamburi na nina dada yangu Kisauni?" Wiki nzima wimbo ni huo. Nikamwambia mama, hulipi wewe, nalipa mimi. Akasema basi ni yale yale, pesa imetoka nyumba moja. Akaja, lakini alikuja na mswala wake, mto wake, na birika lake, kama mtu ahamiaye kwa adui.

Haya, tuanze na ngazi. Gorofa ya pili na lifti hakuna. Tangazo halikudanganya, lilinyamaza tu. Ngazi thelathini na mbili, nimezihesabu mimi na mtoto kiunoni. Na msiojua, mtu mwenye magoti mabovu kupanda si neno sana, kushuka ndo mtihani, uzito wote wa mwili washukia goti. Kwa hiyo mamangu akatoa sheria yake hapo hapo: "Nikishuka asubuhi nimeshuka, nikipanda jioni nimepanda." Ratiba nzima ya likizo ikapangwa na hizo ngazi, sio mimi wala baba watoto. Ukisahau maziwa ya mtoto juu umesahau, mtu mmoja akimbie. Kwa hiyo ukikodi usitazame picha za sebule, piga simu uulize chini kuna nafasi? Ngazi ngapi mpaka mlangoni? Wakikuambia "chache tu" waambie wakuhesabie.

Bafuni. Pazuri pa kutazama, vigae vyeupe vyameta, na bomba la mvua limewekwa ndani ya karai lile refu la kuoga la kizungu, lile la kunyanyua mguu uingie. Mamangu akasimama pale mlangoni akalitazama, akaniambia niletee ndoo na kopo. Ndoo hakuna! Nikashuka ngazi thelathini na mbili nikamuuliza askari wa getini, mzee wa watu akatupa ya kwake ya kuoshea magari, nikaisugua, tukaenda nayo hivyo siku mbili. Na vile vigae vikipata maji vinateleza kama sabuni, tukatandika taulo chini. Nyumba yamaliza pesa kununua kioo chenye taa na haina ndoo ya shilingi mia mbili.

Puli nitalisema polepole kidogo kwa sababu hapa sitaki utani. Lina sehemu moja tu, na hiyo sehemu mimi maji yanifika kifuani. Hakuna upande wa watoto, hakuna uzio, na mlango wa ngazi wafunguka moja kwa moja pale, hatua kama sita. Huyu wangu wa miaka minne haogopi kitu, akiona maji ni kama bata. Kwa hiyo wakati wote tukiwa chini mtu mzima mmoja kazi yake ni puli tu, hana simu, hapigi soga, na tukibadilishana twaambiana kwa mdomo, "sasa ni wewe", sio kila mtu adhani mwenzake atazama. Yale maboya ya mikononi ya kupuliza msiyategemee, yachomoka. Mkiweza kupata nyumba puli lake lina geti, lipieni hata elfu moja zaidi.

Jikoni sasa, ah. Maikrowevu ipo, blenda ipo, mashine ya kahawa ipo ya kubonyeza, glasi za mguu mrefu dazeni nzima sijui za kunywea nini. Mamangu afungua kabati hili, afungua lile, ainama, ainuka. Nikamuuliza mama watafuta nini? "Mbuzi." Hakuna mbuzi. Nyumba iko Bamburi, minazi imesimama hapo dirishani, na ndani hakuna kitu cha kukunia nazi. Tulikuwa tumenunua nazi nne pale Kongowea za wali na mbaazi za asubuhi, zimekaa zatutazama. Nikamwambia mama twende na ya pakiti dukani, akanitazama yale macho ambayo yeyote aliye na mama ayajua.

Na maji. Ya mfereji ni ya chumvi, kisima hicho, Mombasa nani asiyejua, lakini mgeni mwambieni basi! Chai ya kwanza nilipika bila kufikiri, mama akaonja akarudisha kikombe mezani taratibu, hakusema kitu. Baba watoto akatumwa dumu la lita ishirini. Hili si kosa la nyumba moja, lakini dumu la kwanza mwenye nyumba aweza kumuwekea mgeni, haitamfilisi.

Usiku shwari. Feni nzuri, neti zipo vitanda vyote ila ya chumba cha watoto ina tundu la kuingia paka, nikaifunga na kibanio cha nywele. Adhana ya alfajiri yasikika vizuri na mama alifurahi, akasema angalau hapa pana watu. Tokeni za stima ziliisha Jumamosi saa tatu usiku, tukapiga simu, dakika ishirini zikarudi, hapo nampa mwenye nyumba maksi zake.

Bahari ndo nilipoaibika mimi. Jumamosi asubuhi nimewaamsha watu mapema, mafuta, kofia, ndoo za mchanga, saa nne tuko ufuoni Pirates. Maji hakuna! Yametoka mpaka huko kwenye miamba, ni mchanga na mwani na vidimbwi. Na mamangu alinambia usiku wake, akiwa amekaa barazani, "mwezi mpevu huo, kesho asubuhi msikimbilie." Nikadhani ni maneno ya wazee. Kumbe ni hesabu: mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo ni bamvua, maji yatoka sana na yajaa sana, na hapa kwetu siku hizo asubuhi kwenye saa nne yako mbali, jioni kwenye saa kumi yamejaa mpaka juu. Halafu kila siku yachelewa kama dakika hamsini. Wiki moja baadae, maji mafu, mambo yamegeuka, asubuhi hiyo hiyo ya saa nne unakuta maji yamekuja, ila hayana ile nguvu. Nimezaliwa mji huu na nilikuwa naangalia saa ya ukutani kwenda baharini.

Lakini nisiwadanganye, kwa mtoto wa mwaka mmoja yale maji kutoka yalikuwa neema. Vidimbwi vya kiwiko, vuguvugu, vijisamaki ndani, mdogo alikaa humo saa nzima hataki kutoka. Wavalisheni viatu tu vya mpira, miamba ina miba. Na jioni maji yaliporudi mamangu akaingia na dera lake, akakaa ufukweni mawimbi yakimpiga miguuni, anasugua magoti na mchanga, mjukuu kila upande. Upepo wa kusi ulikuwa wavuma, mwezi wa nane huu, kwa hiyo wimbi lina mkono, mkubwa alimshika bibi yake mkono ati yeye ndo amlinda. Ngamia waliwapita hapo watoto wakalia wapande, bei wakaniambia ya mgeni, nikajibu kwa Kiswahili cha Majengo ikashuka nusu.

Jumapili Haller Park. Kwa bibi na watoto hapa ndo pahali, na sababu si wanyama, ni njia. Nyingi ni tambarare na zina kivuli cha mivinje, mabenchi yapo, mamangu alitembea pole pole na bakora yake hakulalamika. Huko chini ni tambarare kwa vile palikuwa shimo, wakichimba mawe ya saruji. Mama amekulia Kisauni, apakumbuka palivyokuwa, peupe, pakavu, jua lagonga mawe lamrudia mtu usoni. Mwaka 1971 yule bwana René Haller ndo akaanza kupanda miti, na mvinje ndo ulioshika, majani yake yakidondoka yakawa hayaozi, akaletewa jongoo wakayatafuna yakawa udongo. Nilimweleza mkubwa habari za jongoo, basi twiga hakumtazama tena, ni kuinama njia nzima atafuta jongoo, tumelipa kiingilio cha jongoo. Wa kati yeye ni kobe, wale wakubwa, nikamsimulia habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi wakati wa ile tsunami ya Disemba 2004 akaletwa hapa akamganda kobe aitwaye Mzee kama mamake. Akaniuliza, "kwani bibi yake alikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Twiga kuwalisha kuna saa zake, ulizeni getini mkiingia, sisi tulikosa.

Haya, maksi. Kwa watu wazima wawili wenye nguvu zao, nane juu ya kumi. Kwa familia kama yangu naipa tano, na hizo tano tatu ni za barazani kwenye upepo. Nitarudi Bamburi, nyumba ile hapana, mpaka nipate ya chini.

Na ile mbuzi, najua mwaingoja. Jumamosi mchana dada yake mama alikuja kutoka Kisauni, amebeba mbuzi kwenye mfuko wa sandarusi, na mahamri, na wajukuu zake wanne. Wali wa nazi tulikula watu kumi na mmoja kwenye nyumba ya watu sita. Ndo chakula kitamu nilichokula mwaka huu.

Bei nilikuwa nimemficha mama, nilimwambia elfu mbili. Kwenye tuktuk twarudi baba watoto akajisahau akaitaja. Mama kimya. Tumepita Kongowea kimya, tumepanda daraja kimya, tuko katikati maji yako chini huku na huku, ndo akanigeukia.

"Elfu kumi na sita, na mbuzi hakuna."