Praima ya plasta mpya: nimeitumia Buhongwa, naipa nyota nne

Wenye nyumba mpya Mwanza njooni hapa, maana hii ndoo ya praima ya kuzuia alkali, yaani mpako wa kwanza unaokinga rangi ya juu na ukali wa simenti, watu wengi wanaiona ni kuibiwa hela tu. Nimeitumia Buhongwa, vyumba vitatu na sebule, ile ya maji ya lita 20. Brand sitaji, nisije nikaonekana nimelipwa, na zipo za kampuni kadhaa madukani zinafanya kazi ileile.

Fundi rangi wa huku ukimtajia praima anakujibu "mama, skimu inatosha, saruji nyeupe inashika yenyewe", skimu ni ule mpako laini wa kusawazisha juu ya plasta. Inashika ndio, ila simenti mbichi ni kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) inafika 12 mpaka 13, na maji yaliyobaki ukutani yakianza kutoka yanabeba ile chokaa na chumvi yanaziachia juu, ndo yale maua meupe mnayoyaona kwenye nyumba ambazo hazijamaliza hata mwaka. Mtaani kwetu wanasema ni mchanga wa ziwani. Wapi! Ziwa letu ni maji baridi, hiyo chumvi mara nyingi inatoka kwenye simenti na tofali zenyewe. Na ukipaka rangi ya mafuta hapo ndo balaa zaidi, alkali inayageuza mafuta kuwa kama sabuni, rangi inalainika inanata halafu inabanduka vipande vipande.

Sasa msije mkadhani praima inakausha ukuta, haikaushi. Yetu plasta ilipigwa masika yanaisha, ikamwagiliwa wiki nzima, halafu ikaachwa madirisha wazi, maana inatakiwa kama wiki nne hivi na kipindi cha mvua inavuka hapo. Kupima ni rahisi, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote, kesho yake angalia, ukikuta matone kwa ndani usifungue ndoo. Chumba cha upande wa jikoni kilichelewa sana kuliko vingine na fundi alikuwa analalamika kila siku anataka amalize akachukue kazi nyingine Igoma, akasubiri tu.

Baada ya skimu na msasa hakikisha vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hapa mafundi wanaruka sana, wanapiga ufagio basi. Praima juu ya vumbi inashika vumbi, haishiki ukuta.

Kwenye kupaka nimeipenda, inateleza vizuri kwa rola, harufu sio ya kukimbiza watu, na ukuta ukikauka unakuwa mweupe wa aina moja, yale mabaka ya skimu yanapotea. Raha yenyewe niliiona kwenye silk ya juu, ile rangi ya mwisho yenye kung'aa kidogo, kupaka mara mbili kukatosha kabisa, na rangi ya juu ndo yenye bei kwahiyo hapo hela ya praima inarudi kiasi.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Inatuama vibaya mno, ukiiacha usiku asubuhi chini kuna uji mzito, ukoroge kwa mti mpaka mkono uanze kuuma, na fundi akijifanya ana haraka anapaka maji ya juu tu. Pili kibandiko kinasema lita moja mita za mraba 10 hadi 12, labda kwenye ukuta uliokwisha pigwa rangi, sebule yetu ilikunywa zaidi ya hapo tukapungukiwa ukuta mmoja, kurudi dukani Nyakato naambiwa galoni ya lita nne hakuna, chukua ndoo nzima. Nikaipata Mkuyuni kwa bei ya juu kidogo.

Kwahiyo mkipiga hesabu ongezeni galoni moja kabisa, na bafuni msikubali skimu ya jipsam, maji yanaimaliza hata uweke praima gani.