Mteremko wa mstari: fomula au kuhesabu viboksi kwenye grafu?

Kwa mtu anayeanza me nasema anza na grafu, hata kama ticha kashakupa fomula. Chukua pointi (-2, 5) na (4, -7), ziweke kwenye karatasi ya grafu, piga mstari na rula afu hesabu viboksi: kutoka kushoto kwenda kulia unatembea 6, na kushuka unashuka 12, kwaiyo mteremko ni -12 kwa 6, yaani -2. Hapo umeona kwa macho kwamba mstari unashuka, hiyo alama ya kutoa haikupotei.

Fomula ni fasta zaidi, unachukua tofauti ya y unagawa kwa tofauti ya x basi, na pointi zikiwa na desimali au namba kubwa kama (150, 2300) grafu inakuchosha bure. Ila jamani alama! Wengi wanaandika 4 - 2 badala ya 4 - (-2), wanapata -12 kwa 2, yaani -6, na wanaendelea tu kwa sababu hakuna kitu cha kuwashtua. Kosa jingine ni kuanza na pointi ya pili juu (kwenye y) afu chini (kwenye x) unaanza na ya kwanza, hapo jibu linageuka alama.

Na pointi kama (3, 1) na (3, 8) fomula inakupa 7 kwa 0, haigawanyiki, mteremko haupo, kwenye grafu unaona tu mstari umesimama wima kama nguzo.

Kwenye mtihani natumia fomula, afu nachora kamchoro kadogo pembeni kuhakiki alama.