Tathmini ya darasa la nusu siku kuhusu visulisuli vya ndege kubwa

Nimehudhuria darasa linalotolewa na chuo kimoja cha urubani jijini Dar es Salaam kwa marubani wa ndege ndogo. Kwa yeyote anayetua Zanzibar, ambako ndege ndogo kama Cessna 208 hutumia njia moja ya kurukia pamoja na majeti yatokayo Ulaya, naona ada yake inastahili kulipwa.

Mkufunzi alianza kwa kusahihisha kosa letu wengi: hatari kubwa inayoachwa angani na jeti iliyopaa haitokani na injini bali na mbawa. Hewa yenye mgandamizo mkubwa chini ya bawa hupinda nchani kuelekea juu, na nyuma ya ndege vikabaki visulisuli viwili, ambavyo huwa vikali zaidi ndege inapokuwa nzito, inapokwenda polepole na flapi zake, yaani vibao vya nyuma ya mbawa, zikiwa zimekunjwa. Kwa kuwa visulisuli hivyo huanza pale pua inaponyanyuka, anayetua nyuma ya jeti lililopaa hana budi kupakariri mahali hapo na kugusa lami mapema, kabla ya kupafikia. Tulilirudia zoezi hili kwenye simuleta, mashine ya kuigizia urubani, mara sita. Mara ya nne nilichelewa kushuka, nikapapita. Ndege ikalala ubavu, na usukani nilioukata hadi mwisho haukuirudisha.

Ajali ya Fort Worth, Marekani, ya tarehe 30 Mei 1972 ilielezwa kwa kina na kwa staha: jeti aina ya DC-9 iliyokuwa katika mafunzo ilikuja kutua nyuma ya DC-10, jeti kubwa zaidi, iliyokuwa imegusa lami na kupaa tena, ikabinuka karibu na ardhi, na watu wote 4 waliokuwamo wakafa.

Lawama yangu ni moja, na si ndogo. Upepo wa ubavuni uliachiwa dakika chache za mwisho, ilhali visulisuli vikifika karibu na ardhi hutawanyika kando kwa mwendo wa noti 2 au 3 tu (kama kilomita 4 hadi 6 kwa saa), hivyo upepo mwanana wa ubavuni waweza kukishikilia kimoja juu ya njia ya kurukia. Wakati wa maleleji, kipindi cha pepo dhaifu kati ya kaskazi na kusi, pwani yetu huwa na asubuhi nyingi za namna hiyo, tena ndizo tunazoziamini kuliko zote. Nimemwomba mkufunzi darasa lijalo aiwekee simuleta upepo wa noti 3 kutoka ubavuni, nami nitalipa tena nilirudie zoezi hilo la kutua.