Nikon FM2: Tazama Hiyo 250 Nyekundu

Karibuni, watazamaji wangu! Iliyo mezani ni kamera ya filamu, Nikon FM2, toleo la 1984. Uzito na lenzi mnavijua, tunaviruka. Sogeeni hapa kwenye gurudumu la kasi ya shata, yaani kifungua-na-kufunga kinachoruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Mnaiona 250 nyekundu, yaani 1/250 ya sekunde, kasi ya juu kabisa inayokubali flashi? Hiyo ndiyo raha ya mpiga picha wa gazeti.

Chukua filamu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga). Saa sita mchana, jua la utosi, mheshimiwa amevaa kofia pana, uso wote kivulini. Bila flashi, kesho gazetini atatoka kidevu tu. Sasa flashi inataka pazia la shata liwe wazi lote kwa wakati mmoja. Ukizidisha kasi, pazia linapita kama ufa na upande mmoja wa picha unakosa flashi. Nikon F3 inaishia 1/80, Canon New F-1 inaishia 1/90. Jua hilo kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, linataka kama 1/400, kwa hiyo kwa 1/80 mwanga umezidi mara tano, shati jeupe limeungua! Hapa naweka 1/250, f/16. Mwanga umezidi chini ya hatua moja (hatua moja ni mwanga mara mbili), negativu inauvumilia. Flashi yenye namba ya nguvu (guide number) 30 kwa ISO 100 inakuwa 60 kwa ISO 400. Gawa kwa 16, usisimame mbali zaidi ya mita 3.75.

Na F3 hiyohiyo, flashi yake inakaa juu ya kishikio cha kurudishia filamu. Mkanda ukiisha, ing'oe kwanza! Flashi ya FM2 inakaa juu katikati, kishikio kiko huru. Ila mota ya MD-4 ya F3 inarudisha filamu yenyewe, hapo nainua mikono. Video ijayo ni yake, bonyezeni kengele.

Kinachonikera FM2 ni huu mkono wa kusogezea filamu. Ukiulaza kabisa, shata inajifunga. Tukio linapita, wewe unabonyeza bure. Uvute nje kidogo, na anayetumia jicho la kushoto unamchoma usoni. Dawa ni mota ya MD-12: ukibonyeza kitufe chake, mkono unabaki umelala.

Enzi zake FM2 iliuzwa kwa bei ya chini sana kuliko F3, ndiyo maana wengi waliibeba kama kamera ya pili. Ukiikuta leo kwa bei ya F3, ondoka. Kabla ya kulipa, fungua mgongo, gusa sponji za pembeni. Zikinata kama lami, mwanga unavuja, zibadilishwe. Kisha toa zile betri mbili ndogo, weka 1/4000, fyatua. Lazima ilie, maana betri ni za kipima mwanga tu.